Finjani Iliyowekwa Chini

Mama yangu alikuwa hakai dukani. Tukenda Hamriya, hapa Maskati, kununua vitambaa vya Idi, mwenye duka atavuta kiti, ataagiza chai ya maziwa kutoka mkahawa wa jirani, ataanza kufungua majora juu ya meza: hili limeingia jana, hili nimekuwekea wewe makusudi. Mama amesimama wima, mkoba kaubana kwapani, chai inapoa. Mimi nakufa kwa haya. Mtu kakukirimu, unamwachia chai yake, ndiyo ustaarabu gani huo? Siku moja nilimwambia hivyo tulipotoka nje.

"Ukishakaa, umeshanunua nusu," akanambia. "Ukinywa chai yake, umenunua na ile nusu ya pili."

Sikumuelewa. Nilikuwa msichana wa skuli, na akili zangu zote zilikuwa kwenye jora la buluu tuliloliacha mezani.

Leo nimevuka khamsini, nimesomesha hesabu miaka mingi, na watu hunisema kuwa mimi ni mgumu wa kushawishika. Wale mabinti wanaosimama na chupa za manukato kwenye maduka makubwa ya Bawshar wakiniona hugeukia kwengine. Rafiki yangu mmoja aliwahi kunijia na mkoba wa dawa za kupunguza tumbo. Ati ninunue, kisha niuze, kisha niwaingize watu watatu, na kila mmoja wao aingize watatu wake. Alitoka kwangu kala sambusa, kanywa juisi, na mkoba wake mzima mkononi. Wenzangu wanadhani ni ukali. Ukali ninao, sikatai, nimezaliwa nao. Lakini hili si la ukali. Hili nimeachiwa na wazee wangu wawili, na mmoja wao alilipata kwa bei ambayo mpaka leo sijaisahau. Shukrani zangu kwake nilichelewa sana kuzisema, na ndiyo maana nnakaa kuandika.

Sisi ni katika wale waliotoka Unguja miaka ya sabini. Nilifika huku Omani na miaka minane. Baba alikuwa na Kiingereza kizuri cha skuli za zamani, akapata kazi wizarani, Maskati mjini, kuandika barua na kufasiri. Kila asubuhi akiondoka na gari yake, kanzu imenyooka, kilemba kakifunga vizuri kuliko waliozaliwa nacho. Tulianza kwa kupanga Hamriya, baadae tukajenga Bawshar, alhamdulillahi. Kazi anayo, nyumba anayo, watoto wamesoma. Kitu kimoja tu kilikuwa kimemkaa rohoni, nacho ni kuhesabiwa na wenziwe.

Kabila letu lina sabla, yaani ukumbi wa wanaume, wanapokutana kwa Idi, kwa harusi na kwa misiba. Watu hukaa chini kuzunguka kuta, na kila mtu mahali pake. Wakubwa juu kabisa, mkabala na mlango, kisha unateremka, unateremka, mpaka penye viatu. Hapana aliyeandika nani akae wapi, lakini mtoto wa miaka sita anajua. Baba jina la kabila alikuwa nalo kwenye pasipoti, na babu yake alizaliwa katika vijiji vya milimani huku huku. Lakini Kiarabu chake kilikuwa na Unguja ndani yake. Akifungua mdomo, vijana wanatazamana. Wakimwita "Zinjibari", na si wote waliokusudia ubaya, ila siku hizo baba akirudi nyumbani hula kidogo.

Basi katikati ya miaka ya tisini akaanza kutujia bwana mmoja mkubwa wa kabila. Miaka yote tunakaa Bawshar hakuwahi kuujua mlango wetu. Mara ya kwanza alikuja na kikapu cha tende za shamba lake na chupa ya asali, akaomba kitu kidogo, asomewe barua ya Kiingereza. Baba akaisoma kwa furaha. Mara ya pili akaja na halwa, akaomba barua ijibiwe. Ikajibiwa. Mara ya tatu akamuomba baba wafuatane kwenda kumtazama mgonjwa. Wakafuatana, watu wakawaona wamefuatana. Kila ombi lilikuwa dogo, na kila mara baba alisema ndiyo. Mtu akishazoea kukwambia ndiyo mara tatu, ya nne humtoka yenyewe.

Kisha ikaja Ijumaa moja, huko sabla, yule bwana akanyanyuka mbele ya watu wote, akamshika baba mkono, akamtoa alipokuwa amekaa katikati ya ukuta akenda kumketisha juu, ubavuni pake. Kijana mmoja akateleza, akasema lile neno Zinjibari. Bwana akamkemea palepale, akasema huyu ni mtoto wa ammi yangu, damu moja.

Siku ile baba alirudi uso umemnawiri, akala sahani mbili za wali. Akatusimulia mara tatu alivyoshikwa mkono, na kila mara mkono unashikwa kwa nguvu zaidi. Mimi nilifurahi pamoja naye, wallahi nilifurahi. Mama alikuwa anampakulia mchuzi. Akamwambia pole pole kwamba anavishwa kilemba cha ukoka. Baba akakasirika. Akasema mke wake hataki kumwona anaheshimiwa, na mimi, kwa ujinga wangu, nikamuunga mkono.

Nasema ujinga kwa sababu binti wa yule bwana alikuwa darasani kwangu. Nilikuwa nasomesha skuli ya sekondari ya wasichana, mwaka wa mwisho, na kila siku namwita jina lake kwenye orodha, jina la babake likiwa nyuma yake. Mwalimu wa hesabu mzima, na moja na moja zikanishinda kuzijumlisha.

Siku hizo sehemu ya alama za mwisho ilikuwa inatoka kwa mwalimu mwenyewe, kwa kazi ya mwaka mzima. Mimi nilikuwa na daftari langu. Naandika kwanza kwa penseli, nasahihisha, kisha napitisha wino na kulipeleka kwa mwalimu mkuu. Mwaka ule wino ulikuwa upitishwe Jumamosi asubuhi, siku ya kwanza ya kazi huku siku hizo. Jumatano alasiri yule bwana akaja, safari hii na wanaume wawili wazima wa kabila, wenye ndevu na bakora zao. Kahawa niliipika mimi, nikatia hiliki, nikampa baba birika mlangoni. Kisha mimi na mama tukakaa chumba cha pili, mlango tumeuegesha tu.

Sasa ipo mila moja ya huku ambayo aliyekulia Unguja haijui. Mgeni mwenye haja nzito akipewa finjani ya kahawa, hainywi. Huiweka chini mbele yake, akanyamaza. Maana yake, kahawa yako sinywi mpaka unipe nililolijia. Na kahawa ya mgeni ikipoa chini bila ya kunywewa, aibu ni ya mwenye nyumba. Naye humjibu, kunywa, haja yako imepita. Baba aliwahi kuyaona hayo sabla mara moja, akaja kutuhadithia kwa namna alivyopendezewa. Alisema huo ndio uungwana.

Asilolijua, kwa sababu hapana aliyemfundisha, ni kuwa waliozaliwa na mila ile hawauachi mlango wazi. Wao husema, kunywa, haja yako imepita, ikiwa imo katika uwezo wangu na haimdhulumu mtu. Kile kipande cha mwisho hukisema haraka haraka, kwa sauti ya chini, na mgeni, kwa mila, hujifanya hakukisikia. Lakini hilo ndilo komeo lenyewe. Aliyeombwa akishatia komeo lake, ana pa kutokea.

Na sisi kwetu tulikuwa na komeo letu. Watu wakija kwa posa, au kwa ombi lolote zito, jibu la Unguja ni neno moja tu: tumesikia. Tumesikia, nendeni, mtaletewa majibu. Haudhiki mtu, halazimiki mtu, kila mmoja analala na fikira zake. Mama alikuwa bingwa wa tumesikia. Lau baba angelifasiri neno hilo kwa Kiarabu siku ile, yeye aliyekuwa anakula mshahara kwa kufasiri, nisingekuwa na kisa cha kuandika. Lakini alitaka kuwa mwenyeji kuliko wenyeji.

Nilichungulia. Finjani imewekwa juu ya zulia. Yule bwana kainamisha kichwa, na wale wawili wanamtazama baba. Nikauona mgongo wa baba ukinyooka, nikajua anajiona yuko juu ya dunia. Akasema kwa Kiarabu chake cha Unguja, "Kunywa, ndugu yangu. Haja yako imepita."

Akaishia hapo. Mama akajipiga paji la uso kwa kiganja. Hakuwa amejua haja yenyewe ni ipi, wala mimi, wala baba mwenyewe. Wazee wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi sikupata kuiona maana yake wazi vile.

Bwana akainua finjani, akanywa, akaitikisa kuonesha kuwa imemtosha, ndipo akaeleza. Binti yake anataka kusomea udaktari. Hesabu zake si mbaya, ila zimepungua kidogo. Mwalimu wake, mashallah, ni binti yetu, tumboni mwetu, na alama chache za kazi za mwaka hazimuumizi mtu. Kisha wakaaga upesi. Nimejifunza baadae kuwa mwenye kukushawishi akishapata neno lake hakai, asije akakupa nafasi ya kufikiri.

Baba alipoingia jikoni hakunitazama. Alisimama kwenye sinki, akaziosha finjani mwenyewe, mtu ambaye sikuwahi kumuona akiosha hata kijiko. Akanambia nimesikia, ndiyo? Nikamwambia nimesikia. Akasema basi.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nilimwaga yote. Nilimwambia kauza kisicho chake. Nilimwambia daftari lile ni langu, na watoto wote mle ndani wamo kwa jasho lao, na nani kampa ruhusa. Yeye akaendelea kuosha finjani, nikaenda chumbani nikabana mlango.

Alkhamisi yote ikawa zamu yake kunishawishi, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Yule bwana nisingeshindwa kumkatalia. Baba yangu je? Hakunifokea. Alikuja kukaa kitandani kwangu, akanikumbusha miaka yetu ya kwanza Hamriya, alivyokuwa akinisomesha Kiarabu cha kitabu changu yeye mwenyewe kwanza hakijui, anakesha nacho ili asubuhi anifundishe. Ilikuwa kweli. Akasema ni mara moja tu, wala hataomba tena. Akasema kila mtu anafanya, tena wanafanya makubwa kuliko haya. Akasema ahadi ni deni, na yeye keshaahidi mbele ya mashahidi wawili, na wakisikia kalirudisha neno lake, hatosema tena katika ukumbi ule mpaka anakufa. Nikamtazama, nikaona silaha zote alizopigwa nazo ndizo anazonipigia mimi, na wala hajui. Wema kwanza, kisha jambo dogo, kisha "sisi", kisha aibu. Nilimwonea huruma, na huruma nayo ni silaha kali kuliko zote hizo.

Sitojisifu. Alkhamisi jioni nilifungua daftari. Nilifuta ile alama ya penseli ya binti wa yule bwana. Nilikuwa nimekamata penseli mkononi, na kichwani mwangu nilikwisha kujitengenezea sababu: mtoto mwenyewe mzuri, siku ya mtihani wa Februari alikuwa anaumwa, pengine nilimsahihishia kwa ukali. Sababu zilikuwa zinakuja zenyewe, moja inaivuta nyengine. Uso umeumbwa na haya, na wangu ulikuwa mbele ya uso wa baba yangu.

Mama akaingia na nguo za kukunja. Akaliona daftari, akaiona penseli. Akakaa, akaanza kukunja.

"Ingekuwa mtu usiyemjua," akaniuliza, "hana tende, hana asali, hakumshika babako mkono. Kakusimamisha njiani akakuomba hilo. Ungempa?"

Nikasema singempa.

"Basi wewe unalipia asali," akasema. "Na yule ambaye nafasi yake itachukuliwa, babake hana wa kumwekea finjani chini?"

Akamaliza kukunja, akatoka. Hakunambia fanya hivi wala usifanye. Maisha yangu yote sijapata kusikia mtu akinisemesha kwa heshima vile. Nilimjua yule wa pili, maana kila darasa lina mmoja. Wangu alikuwa binti aliyekuwa akija na basi kutoka mbali, anasinzia saa ya kwanza, na hesabu zake zimezidi za yule mwenziwe kwa kidogo sana. Nikaiandika alama ileile niliyoifuta. Nikaipitisha wino papo hapo, bila ya kungoja Jumamosi, kwa sababu nilikuwa najijua.

Ijumaa baada ya sala nikamfuata baba barazani. Nikamwambia, "Baba, nimekusikia. Siwezi." Nikamwambia na wino umeshapita.

Nilitaraji hasira, nilitaraji hata kunyimwa radhi. Akaomba bakora yake. Kisha akanambia nimpeleke kwa yule bwana, kwa sababu mikono yake haikuwa tayari kukamata usukani.

Nyumba ilikuwa haiko mbali, raundabauti mbili tu. Baba akaingia upande wa wanaume, mimi nikaingizwa kwa wanawake, ukumbi wa pili, pazia tu katikati. Mama mwenye nyumba akanikaribisha vizuri, hajui lolote. Binti yake, mwanafunzi wangu, aliponiona alibadilika rangi. Akaja kukaa karibu yangu, akaninong'oneza, "Mwalimu, mimi sikumtuma baba." Nikamshika mkono. Ndipo nilipojua kuwa tulikuwa mabinti wawili tuliouzwa kwa finjani moja, na hakuna aliyetuuliza.

Upande wa pili nikasikia salamu, nikasikia kahawa inamiminwa. Kisha kimya. Nikajua baba kaiweka chini.

Akasema amekuja na haja, na haja yake ni kurudishiwa neno lake. Akasema alilitoa bila ya kujua linakwenda wapi, na limekwenda kumfunga mtu asiyekuwa yeye. Kiarabu chake kilikuwa kibaya kuliko siku zote, anajikwaa kila hatua. Nikangoja kusikia "kunywa". Mimi, mwanafunzi wangu, hata mama mwenye nyumba ambaye sasa alikuwa kageuka kusikiliza, sote tulikuwa tunangoja neno hilo moja. Mila ilimtaka bwana alitoe. Mbele ya kila mgeni angelilitoa. Kwa Zinjibari hakulitoa.

Sijui ilikuwa dakika ngapi. Nilisikia bakora ikigusa sakafu, baba anainuka.

"Basi nimelichukua bila ya kupewa," akasema. "Aibu ni yangu. Binti yangu hana aibu."

Akatoka. Nikamkuta kwenye gari, kakaa, mikono juu ya mapaja. Njiani aliniuliza mama yako kapika nini leo, nikamwambia samaki, akasema vizuri. Juu ya jambo lile neno jengine hakusema, siku ile wala baadae. Hakunilaumu hata mara moja, hata pale tulipogombana kwa mambo mengine na mtu angeweza kuchomoa la zamani. Asali ilikuwa imebaki nusu chupa. Mama akampelekea jirani.

Yule bwana hakurudi tena kwetu. Binti wake alipata nafasi katika chuo chengine, akasomea mambo ya maabara, na tukikutana hunibusu kichwa na kunitambulisha kwa wanawe. Wa pili, aliyekuwa akija na basi, alikwenda alikokwenda kwa alama zake, na wala hajui kuwa siku mbili zile alikuwa ameshikwa kwenye ncha ya penseli yangu. Mimi niliendelea na kazi. Niliwahi kuombwa tena mengi kama hayo, na watu wakubwa zaidi, na nimejifunza kulisema lile neno la mama kwa lugha zote mbili: nimekusikia. Hujui ni neno zuri kiasi gani mpaka umelihitaji. Linakupa usiku mmoja wa kulala nalo, na mambo mengi yanayoombwa kwa haraka hayavuki usiku mmoja.

Kuhusu baba, nilidhani yalipita. Sisi wanawake hatuingii sabla siku za wanaume, na yeye kila Idi alikuwa akivaa, akijifukiza udi, akenda, akirudi, akila vizuri. Nilimuuliza mara moja mbili, je, watu huko wazima? Akijibu wazima, wanakusalimu. Mimi moyoni bado nilikuwa na kinyongo kidogo cha siku zile alizonishawishi. Nilikuwa nikijisemea kuwa mimi ndiye niliyesimama imara, na yeye ndiye aliyeteleza. Kinyongo hicho nilikaa nacho miaka.

Ikapita elfu mbili na kumi, magoti yakamchoka. Idi moja kaka yangu alikuwa safarini, nikampeleka mimi, nikamshika mkono mpaka kizingiti cha sabla ili asianguke. Mlango ulikuwa wazi. Nikawaona wanaume wamejaa kuzunguka kuta, na yule bwana juu, mkabala na sisi, kazeeka naye. Hakuna aliyenyanyuka. Nilidhani baba ataingia ndani, atapita katikati akatafute nafasi. Baba alivua viatu, akashika ukuta, akakaa papo hapo, mguu wake karibu unagusa viatu vya watu. Hakuelekezwa na mtu. Alikaa kama mtu anayekaa kwenye kiti chake cha kila siku, na vijana waliokuwa karibu wakamsogelea kidogo tu, wala hawakumtazama, kwa namna walivyozoea kumuona pale.

Nilirudi kwenye gari nikafanya hesabu. Idi mbili kila mwaka, harusi, misiba. Mtu ambaye maisha yake yote alitaka kukaa juu, na akakalishwa Ijumaa moja tu, alikuwa amekwenda mwenyewe, kwa miguu yake, miaka yote ile, kukaa penye viatu. Angeweza kutokwenda. Angeweza kuniambia. Nilikaa na kiyoyozi kinavuma nikalia mpaka mtandio wangu ukaloa upande mmoja.

Alipotoka nikamfungulia mlango, nikamfunga mkanda. Sikuwasha gari. Nikamwambia, "Ahsante, baba."

"Ya nini?"

Nikamwambia ya Ijumaa ile. Nikamwambia nimeona anapokaa.

Alitazama mbele, kwenye kioo. Akasema pale mlangoni ni pazuri sana, panaingia upepo, na wale wa juu wanaona joto. Kisha akaniuliza mbona hatuondoki.

Ilikuwa mwezi wa Agosti. Nje ya mlango ule hakukuwa na upepo hata wa kupandisha pumzi.